Sijala, nimekunywa chai tu

JICHO LA JIKONI
Na Mwanahawa Kitundu

Juzi saa saba mchana shoga yangu wa ofisini alilalamika, "Jamani, tangu asubuhi sijala." Nilikuwa naye meza moja tangu saa mbili. Nilimwona na chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, chapati mbili. Saa tano alipita kijana wa karanga, akachukua pakiti mbili na kuteremshia soda.

Wala hakuwa anadanganya. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, aliyekula ni aliyekula ugali au wali. Hivyo vingine ni kupoza njaa tu.

Wengi wanaohangaika na uzito, neno hilo ndilo linalowaangusha. Mtu anajipangia milo miwili kwa siku na kuishika kama dawa, huku vitafunwa vinapita mlango wa nyuma bila kuandikwa. Mwezi ukiisha anapanda mizani, anakuta kilo zilezile, anasema mwili wake ndivyo ulivyoumbwa.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti wa watu wanene waliosema hawapungui hata wakila kidogo. Walipopimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, ikaonekana miili yao inaunguza chakula kama kawaida, ila walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika.

Nikaona nianze na mimi mwenyewe. Nilichukua daftari nikaandika kila kilichopita kinywani: vijiko vya kuonja mchuzi, ukoko, hata wali aliobakiza mwanangu nikaumalizia kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Kilichonishtua zaidi ni mafuta. Kwetu tuko wanne, na lita moja inatuchukua siku sita. Ukigawa, kila mmoja anapata karibu vijiko vitatu vikubwa kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120. Kwa hiyo kila mmoja wetu anakula zaidi ya kalori 300 za mafuta ambazo hakuna anayekumbuka kuzila. Haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kulisema hilo kwenye akiba ya fedha, kumbe na kiunoni limo.

Sasa hapo mtu ataniuliza: nile mara ngapi? Mmoja kaambiwa milo sita midogo ndiyo inayoamsha mwili, mwingine kaambiwa mlo mmoja. Tafiti zilizolinganisha watu wanaokula kiasi kilekile hazijaonyesha kwamba kukigawa mara sita kunapunguza uzito kuliko mara tatu. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Chagua idadi unayoiweza. Kama ukiruka kifungua kinywa unaishia kuvamia vitumbua saa nne, basi usiruke. Na anayetumia dawa za kisukari, au mjamzito, asibadili milo kabla ya kuongea na daktari.

Najua kuna watakaosema kupima chakula ni mambo ya Wazungu. Hebu waende jikoni kwa mama zao. Mama anajua unga vikombe vingapi kwa watu wangapi, na mgeni akibisha hodi anajua aongeze kiasi gani. Kupima tunakujua; tumekuzoea kwa ajili ya mfuko, hatujakutumia kwa ajili ya mwili. Basi tuanzie hapohapo, kabla sufuria haijainjikwa. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kinatoa karibu vikombe vitatu vya wali. Ukishapika vikombe vitano kwa watu wanne, usitegemee nia njema ikuokoe mbele ya sinia, maana kwenye sinia mkono hufuata mikono ya wenzake. Pika kinachotosha, kijiko kiingie kwenye mafuta badala ya kumimina kwa macho, na mboga za majani ziwe nyingi.

Mizani ya jikoni si lazima, wala programu ya simu. Daftari linatosha, ilimradi chai na chapati ziandikwe kwa jina lao: chakula.

Jana nilimuuliza shoga yangu kama amekula. Akafungua mdomo kujibu, akautazama mkono wake ulioshika kitumbua, akacheka. "Nimekula," akasema. "Na bado nakula."