Kuchanga mwaka mzima kwenda kuona barafu inayokwisha

Siku moja ya Agosti, saa kumi alfajiri, tulisimama stendi ya Magongo vijana wanane tumebeba majaketi mazito ya baridi. Makondakta walitucheka sana. Mmoja aliuliza kama tumetoroka kwenye kontena la friji pale bandarini. Majaketi yenyewe yalikuwa mitumba ya Kongowea, na mwenye banda alifurahi kuuza mali iliyomkalia mwaka mzima. Nani Mombasa ananunua jaketi la manyoya?

Tulikuwa tunaelekea Mlima Kenya. Nairobi mambo haya ni ya kawaida: kila wikendi kuna kundi linaenda Longonot, Ngong au Aberdare, na picha zinajaa mitandaoni. Sisi wa bara ya Mombasa, kuanzia Changamwe, Likoni hadi Kisauni, tumechelewa kuingia kwenye mtindo huu, lakini sasa tumeingia. Na kinachowavuta wengi si mlima wenyewe. Ni ile kauli unayoisikia kila mahali: nenda sasa, barafu inaisha.

Je, ni kweli au ni maneno ya kuuza safari?

Ni kweli. Afrika ina sehemu tatu tu zenye barafu ya kudumu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mambo yakiendelea hivi, barafu yote hiyo itakuwa imeisha miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya huenda ikatangulia kwa muongo mzima. Wanasayansi waliopima barafu ya Lewis, ambayo ndiyo kubwa zaidi kwenye mlima wetu, walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, ilikuwa imetoweka kabisa kufikia 2011. Umoja wa Mataifa uliufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi barafu za aina hii. Kusema kweli, Magongo sikusikia mtu hata mmoja akiuzungumzia.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo stori ilipo. Tulichanga Sh2,000 kwa mwezi, miezi kumi na moja, Sh22,000 kila mtu. Hapo umelipa gari la kukodi na mafuta, ada ya hifadhi ya kila siku (inalipwa kwa eCitizen, keshi hawapokei), mwelekezi, wapagazi, chakula na mahali pa kulala. Mmoja wetu ni kibarua kwenye yadi ya makontena, analipwa Sh700 kwa siku akipata kazi. Kwake hiyo ni mishahara ya zaidi ya mwezi mzima bila kula wala kulipa nyumba. Na hiyo ilikuwa mara ya pili kuchanga. Mara ya kwanza tulituma malipo ya awali kwa jamaa wa mtandaoni aliyekuwa na picha safi na bei tamu, akatublok sote wanane siku moja. Ukiona bei ya mlima imeshuka kuliko nauli na ada zikijumlishwa, jua kuna mtu anakutania.

Njia ni ndefu. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, malori mbele na nyuma, kisha kilomita 200 hivi hadi Nanyuki. Ungeweza kuchukua SGR pale Miritini, kiti cha kawaida ni Sh1,500 tangu bei ipande Januari 2024, lakini watu wanane na mizigo, gari letu lilikuwa nafuu zaidi.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni hewa. Mtu wa Nairobi anaanzia mita 1,700 hivi juu ya bahari. Sisi tunaanzia baharini kwenyewe. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985, na huko juu hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Magongo. Usiku wa pili, kambini kwenye mita 4,200, yule mwenzetu wa yadi, mwenye nguvu kuliko sisi sote, alianza kutapika na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mwelekezi hakungoja kulipambazuka. Alimteremsha usiku ule ule na tochi. Alipofika chini alikuwa anacheka, lakini mlima wake ulikuwa umeisha. Kama ungekuwa na siku mbili za ziada, kila kitu kingebadilika, ila siku mbili za ziada ni ada mara mbili zaidi. Wanaougua si lazima wawe dhaifu. Mara nyingi ni wale waliolipia siku chache.

Tulifika Lenana jua likichomoza. Barafu ya Lewis iko pale chini yako, na nilitarajia kitu cha kung'aa. Niliona kipande cha kijivu, kichafu kidogo, kimezungukwa na mawe matupu ambayo zamani yalifunikwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mwelekezi alinyoosha fimbo kuonyesha barafu ilipofika alipoanza kazi, na ilikuwa mbali sana na ilipo sasa.

Watu wengi nyumbani wananiuliza: hiyo barafu ikiisha, Mombasa tutakosa maji? Hapana. Mchango wa barafu kwenye mito ni mdogo sana; kinachoshika maji ni msitu wa mlimani na mvua yake. Hata maji ya Mzima, yanayofika kwetu kwa bomba kutoka Tsavo, ni mvua ya vilima vya Chyulu, si theluji ya Kilimanjaro kama tulivyoambiwa utotoni. Kwa hivyo, mwanasiasa akilia kuhusu barafu huku msitu unakatwa, muulize vizuri. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana yanategemea miti ile.

Kuna kichekesho kimoja. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai, alitembea kwa miguu hadi akaiona Kilimanjaro akiwa na Mswahili Bwana Kheri. Wasomi wa London walikataa kabisa kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Leo theluji yenyewe ndiyo inayokataa kubaki.

Kurudi tulipita Sagana, watu wanashuka maporomoko ya Tana kwenye mitumbwi ya mpira. Wawili tu walikuwa na pesa ya kuingia. Sisi wengine tulichukua video, na nikagundua kwamba kati yetu wanane, sote watoto wa bahari, watatu tu ndio wanaojua kuogelea.

Yule aliyeteremshwa usiku ndiye mweka hazina wetu sasa. Ameshaanza kukusanya ya Kilimanjaro, kupitia Voi na Taveta. Ameongeza siku mbili, na mchango umepanda hadi Sh3,000 kwa mwezi. Wawili wameshajitoa.