Lindo la Pango la Lascaux

Ndugu askari, kila aliyepata kushika lindo anajua kwamba kumzuia mwizi ni kazi nyepesi kuliko kumzuia mtu mwema. Katika bonde la mto Vézère, kusini-magharibi mwa Ufaransa, limo pango la Lascaux, ambalo kuta zake zimepambwa kwa picha za fahali, farasi na paa zilizochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita. Vijana wanne waliligundua Septemba 1940, miezi michache tu baada ya nchi yao kushindwa vitani.

Mlango ulipofunguliwa kwa watazamaji mwaka 1948, watu walimiminika. Hawakuja kuharibu, walakini pumzi zao, joto la miili yao na mwanga wa taa viliotesha mwani wa kijani ukutani, na utando mweupe wa chokaa ukaanza kuzivamia picha. Mwaka 1963 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, aliamuru pango lifungwe.

Wapo wasemao kwamba urithi usioonekana hauna faida. Sikubaliani nao. Nakala ya pango ilifunguliwa jirani mwaka 1983, na nyingine kubwa zaidi mwaka 2016. Umma unatazama, na picha za asili zingali salama.

Basi askari alindaye mahali pa kale asione haya kumwambia mgeni mstaarabu, "Hapa hapaingiwi." Hamnyimi haki yake, anawatunzia haki yao wale ambao hawajazaliwa.