Waliokata Hawakusema

Jumatano usiku, tarehe 21 Aprili 2010, watazamaji wa South Park nchini Marekani walisikia mlio mrefu kuliko ule waliouzoea. Katuni ile huziba matusi kwa mlio, basi mwanzoni hakuna aliyeshangaa. Safari hii uliziba jina la Mtume Muhammad kila lilipotajwa. Kisha, pale mwishoni ambapo mtoto Kyle hueleza funzo alilolipata, mlio ukaendelea kama nusu dakika na hotuba nzima ikapotea.

Wengi walicheka. Walidhani ni mzaha wa watunzi, Trey Parker na Matt Stone, ambao tangu 1997 wamewazoesha watu mizaha ya aina hiyo.

Haukuwa mzaha. Siku iliyofuata watunzi walieleza kwamba walikabidhi kazi kamili, na kwamba milio iliongezwa na kituo cha Comedy Central wao wakiwa wameshamaliza. Hotuba ile, walisema, ilihusu vitisho na woga, na haikumtaja Mtume hata mara moja. Hapo kicheko kikageuka hasira. Tunaona watazamaji wale walikuwa na haki ya kukasirika.

Tueleweke vizuri. Hatutetei kuchorwa kwa Mtume. Aliyekulia Mombasa, Ujiji au Unguja, awe Mwislamu au asiwe, anajua kwamba jambo hilo linawaumiza majirani zake, na hahitaji sheria ya kumkataza. Kituo cha televisheni nacho kina haki ya kukataa picha isirushwe kwake. Kosa halikuwa kuficha picha ya Mtume usiku ule. Kosa lilikuwa kuzima maneno yasiyomgusa Mtume wala dini yoyote, kisha kuwaacha watazamaji wakisie ni mkono wa nani.

Wala hatuwacheki walioogopa. Wiki moja kabla, baada ya sehemu ya kwanza ya kisa hicho cha sehemu mbili kurushwa, kikundi kidogo cha New York kilichojiita Revolution Muslim kiliandika kwenye intaneti kwamba watunzi huenda wakaishia kama Theo van Gogh, mtengeneza filamu wa Uholanzi aliyeuawa barabarani mjini Amsterdam mwaka 2004. Mmoja wa walioandika alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Virginia. Tarehe 10 Julai mwaka huohuo alizuiwa uwanja wa ndege New York akitaka kupanda ndege ya kwenda Uganda, ili avuke aingie Somalia kujiunga na Al-Shabaab. Kesho yake, tarehe 11, mabomu ya Al-Shabaab yaliua zaidi ya watu 70 Kampala, watu waliokuwa wamekaa kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kumwambia mtu yeyote kwamba vitisho vya watu hao ni maneno matupu. Kijana yule alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2011.

Kwa hiyo kituo kingesema: tumeogopa kwa ajili ya wafanyakazi wetu. Watu wangeelewa. Badala yake kilikata bila kusema, na hofu ikavaa nguo za heshima, na hapo ndipo Waislamu walipodhulumiwa. Ingekuwa ni heshima, katika kisa hichohicho Yesu na Buddha wasingechorwa katika hali za aibu bila mlio hata mmoja. Ingekuwa ni heshima, South Park isingemwonyesha Mtume mwezi Julai 2001, miezi miwili kabla ya mashambulizi ya Septemba, bila zogo la maana. Kilichobadilika ni nani anatisha. Mamilioni ya Waislamu ambao hawakumtisha mtu, na ambao wengi wao hata hawajui katuni hiyo ipo, walihesabiwa kuwa wafuasi wa watu wachache wa New York.

Jibu la baadhi ya watazamaji lilizidisha ubaya. Ilitangazwa siku ya kila mtu kumchora Mtume, tarehe 20 Mei 2010. Mchoraji wa Seattle aliyetoa wazo hilo alijitoa mapema na kuomba radhi, lakini lilikuwa limeshamtoka mikononi. Pakistan ikaifunga Facebook kwa amri ya mahakama. Mchoraji mwenyewe akalazimika kubadili jina na kujificha. Hasira iliyomstahili mwenye kituo ilimwagwa juu ya waumini wa dunia nzima, na aliyebaki ameumia kuliko wote ni mwanamke aliyekuwa ameshasema samahani.

Hapa kwetu kukata si jambo geni. Mwaka 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita za watoto. Ilitaja majina, ikatoa sababu, ikasimama mbele ya umma. Wapo walioiunga mkono na wapo walioipinga kwa nguvu, lakini kila upande ulijua unabishana na nani na juu ya nini. Hicho ndicho watazamaji wa South Park walichonyimwa.

Diski za msimu ule wa 14 zilipouzwa, mlio ulibaki. Huduma ya HBO Max ilipoanza kuonyesha katuni hiyo mwaka 2020, sehemu tano ziliachwa nje, pamoja na ile ya 2001. Hotuba ilivuja mwaka 2014, na waliotaka kuijua waliisikia kwa mlango wa nyuma. Ilisema, kwa ufupi, kwamba anayetaka asichekwe anachohitaji ni kuwatia watu hofu. Katuni ilisema ukweli ambao watu wazima wa kituo waliutimiza usiku uleule.

Picha na ibaki imefichwa. Hilo hatuna ugomvi nalo. Hotuba ya nusu dakika, isiyo na jina la Mtume ndani yake, irudishwe kwa njia halali, na kituo kiseme ni nani aliyeagiza izimwe.