Jina la Kompyuta Si Kinga

Mnyauko wa bakteria uliporipotiwa wilayani Muleba mwaka 2006, wakulima walitambua kwamba aina zote za migomba waliyoilima zingeweza kuambukizwa. Kinga ilikuwa katika bidii: kung'oa mgomba mgonjwa na kusafisha panga kwa moto. Walimu na wanafunzi wa Bukoba na Muleba wanaotumia kompyuta yafaa walikumbuke funzo hilo.

Husemwa kwamba Windows pekee ndiyo hushambuliwa. Imani hiyo ina upungufu. Mwaka 2012 programu haribifu iitwayo Flashback ilipenya kwa njia ya Java iliyomo katika vivinjari, ikaambukiza kompyuta za Apple zaidi ya 600,000. Septemba 2023 uligunduliwa ufa katika sehemu ya programu isomayo picha za WebP. Kwa kuwa Chrome na Firefox zilitumia sehemu hiyo hiyo, watumiaji wa Windows, macOS, Linux na Android wote walikuwa hatarini.

Marekebisho yalitolewa upesi. Lakini Chrome ilikuwa imekwisha kuiacha Windows 7 tangu Februari. Basi tofauti iliyo kubwa si jina la mfumo endeshi, bali ni kama mfumo huo ungali unarekebishwa. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo shule inayopewa kompyuta kuukuu isihesabu mashine tu. Haina budi kuuliza kama zitaendelea kupata marekebisho. La sivyo, ziwekewe Linux ingali ikirekebishwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.