Wino Mwekundu katika Daftari la Mzee

Mzee mmoja wa Nyanza-Lac alinikabidhi daftari lake nimsahihishie. Kurasa 16 zilikuwa zimejaa: amewaandikia wajukuu habari za uvuvi, za kukimbilia Tanzania mwaka 1972, na za kurejea. Nami nikasahihisha. Nikafuta maneno ya Kirundi, nikapigia mistari makosa ya ngeli, nikamrudishia daftari jekundu kama karatasi ya mtihani. Hakuandika tena mpaka alipofariki. Basi nisemayo hapa nayasema nikijihesabu miongoni mwa wakosaji.

Wako walimu wenzetu washikiliao kwamba asiyekijua Kiswahili sanifu ajifunze kwanza, ndipo aandike. Rai hiyo yatupotezea watu. Aliyekuwa na miaka 10 mwezi wa Aprili 1972, mashambulizi yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yaliyofanywa na serikali yakaenea nchi nzima, leo amepita 60. Tumngoje amalize ngeli?

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili cha wakati wake, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kamati ya kusanifisha lugha iliundwa mwaka 1930. Mwenyewe alikwisha kufa tangu 1905. Angaliingoja, kitabu tusingalikipata. (Tena alikuwa mfanya biashara ya watumwa. Muuzaji aliacha kitabu. Wengi wa waliouzwa hata jina hawakuacha.)

Nawashauri wenzangu tujaribu njia waliyoishika Wafaransa André Breton na Philippe Soupault mwaka 1919: kuandika mbio mbio, bila kuuzuia mkono wala kurudi nyuma kusoma. Wao walitafuta ushairi wa ndotoni. Wengine kabla yao walidhani mizimu ndiyo ishikayo kalamu. Sisi hatutaki ndoto wala mizimu, twataka mkono usiogope. Mzee aandike robo saa kila jioni, Kiswahili na Kirundi vikichanganyika kama vichanganyikavyo sokoni Rumonge.

Lakini asiishie hapo. Mkono ulioachiwa huleta harufu ya mawese na kishindo cha mawimbi. Mpaka wa shamba hauleti. Waliorejea kwa wingi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu kuanzia mwaka 2008, wengi walikuta mashamba ya wazazi wao yana wenyewe wengine, na mashauri yakafika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Mjukuu atakayeulizwa nani alipanda michikichi ile, na lini, atajibu nini? Kwa hiyo siku ya pili mwalimu aulize majina, miaka na mipaka, ayaandike pembeni kwa penseli, maneno ya mzee yasiguswe. Na kama wamo watu walio hai, mzee mwenyewe aamue nani asome, na lini.

Nitaambiwa kwamba napalilia Kiswahili kibovu. Darasani nitasahihisha kama kawaida. Mtihani ni mtihani. Daftari la mzee halitafuti maksi. Linakiliwe mara mbili, na nakala moja ipelekwe kwa ndugu wa milimani, maana mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia majumbani Rumonge.