Nani anamlisha kuhani?

Tangu masomo ya historia yafike kwa Misri ya zamani, kuna kicheko kingi katika madarasa ya chini. Farao aliitwa mwana wa Ra, mungu wa jua, na wanafunzi wanaulizana: "Juu ya nini bantu bazima baliamini vile?" Wengine wanajibu upesi: balikuwa bapagano, basi. Sisi tunaona jibu hilo ni la uvivu, na kwa mtu anayekaa Bukavu ni la hatari pia.

Tutazame kazi yenyewe. Mmisri aliishi kwa maji ya Nile. Mto ukifurika vizuri kuna ngano, ukikosa kuna njaa. Farao alihesabiwa kuwa ndiye anayeshika utaratibu wa dunia, na kwenye kuta za mahekalu ni yeye anayechorwa akitoa sadaka mbele ya miungu. Kwa kweli hakuweza kuwa katika kila hekalu kila asubuhi. Makuhani walifanya kwa jina lake, naye akawapa mashamba na ng'ombe na watu wa kazi. Someni Mwanzo 47:22. Wakati wa njaa Yosefu alinunua mashamba ya Wamisri kwa ajili ya Farao, lakini ya makuhani hakuyagusa, kwani wao walikuwa na posho yao kutoka kwa Farao. Raia waliuza mifugo, wakauza mashamba, mwisho wakajiuza wenyewe. Kuhani alikula. Mstari huo tunaupita mbio siku zote, na sisi tunaona ndio ufunguo wa habari nzima.

Tena, anayelishwa anaweza kunenepa kuliko anayemlisha. Karibu na mwaka 1080 mbele ya Kristo, Herihor, kuhani mkuu wa Amun kule Thebes, alijiandikisha jina ndani ya duara la kifalme, kama Farao!

Sasa tuache Nile, tuje Kivu. Kwa Bashi, Mwami hakuwa mtu wa kukusanya kodi tu. Baraka ya mbegu na ya ng'ombe ilipita kwake, na bajinji walikuwa walinzi wa desturi za kumweka na kumzika. Ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda, ngoma Kalinga ilikuwa ndiyo ufalme wenyewe. Abiru walishika siri za desturi kwa kichwa, na ni wao waliotangaza nani atatawala. Mtama mpya haukuliwa bila ibada ya mfalme, umuganura. Wabelgiji walielewa mambo haya kuliko wanafunzi wetu wanaocheka: mwaka 1925 walimhamisha Gashamura, mkubwa wa abiru, wakampeleka Burundi, na umuganura ukakatazwa. Walijua mahali pa kukata.

Mwami Musinga alikataa ubatizo. Mwezi wa Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa, na Askofu Classe wa Mapadri Weupe alikuwa ameunga mkono jambo hilo. Wakamleta Kamembe, hapa karibu kabisa na sisi. Mwaka 1940 wakampeleka Moba, akafa katika inchi yetu mwaka 1944. Mwana wake Rudahigwa alibatizwa 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Tayari katika miaka ya 1930 machifu na watu wao walikuwa wanaingia kanisani kwa makundi. Wangapi walimfuata Kristo, na wangapi walifuata kiti? Hata vile, Rudahigwa alipokufa mwaka 1959, ni abiru waliomtangaza Kigeli kando ya kaburi. Kalinga ilikuwa bado inasikilizwa.

Waprotestanti wasome haya bila kushangilia. Wazee wetu wanakumbuka televisheni ya Zaire, uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni mbele ya habari za jioni. Mwaka 1974 waziri Engulu alimwita masiya. Kardinali Malula alipopinga mambo ya serikali ile, alikwenda Roma mwaka 1972 bila kupenda. Kwetu, ambao sheria ya mwisho wa 1971 ilitutambua ndani ya kanisa moja, sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya kushukuru.

Na leo? Mtu anayetafuta kura anafika ibada ya Jumapili, anapewa kiti cha mbele, anaacha bahasha, au mabati, au vyombo vya muziki. Siku ile mahubiri juu ya wezi yanakuwa mafupi sana. Hatutaji mtu, kila msomaji ana mfano wake. Bamoja wanatuambia: "Feza haina dini, kanisa mutajenga na nini?" Swali ni la haki, kwani mabati hayaanguki kutoka mbinguni kama mana. Lakini angalieni Amosi 7. Kuhani Amazia anamfukuza nabii kutoka Beteli, na sababu anayoitoa ni kwamba pale ni patakatifu pa mfalme. Hasemi pa Mungu! Naye Amosi anajibu kwamba yeye ni mchunga wanyama na mtunza mikuyu. Ni kusema, alikuwa na chakula chake kabla ya kuja, na Amazia hakuwa na kitu cha kumnyima.

Basi tunaomba mambo mawili kwa wakubwa wa shule. Wazee wa Kabare na wa Ngweshe waalikwe kutueleza Mubande na kazi ya bajinji, nasi tutawasikiliza bila kucheka. Na wakati wa kampeni, wageni wa namna ile wasipewe neno katika kapela yetu. Tunajua ukuta wa upande wa ziwa umepasuka na simenti inahitajiwa. Kila mwanafunzi alete franka 500 kwa mwezi, kuanzia muhula huu, na hesabu ibandikwe mlangoni.