Oksidi ya zinki si dawa ya ngozi tu



Oksidi ya zinki iko ndani ya chupa kwa labo, na kila mwaka tunaandika maneno yale yale: ZnO, unga mweupe, wanautia ndani ya pomade ya ngozi. Basi, imekwisha. Sisi wa section ya sayansi hatukubali kuishia pale.

Tieni unga huu kwa kijiko cha chuma, mpashe moto sana: unageuka manjano. Ukipoa unarudi mweupe. Tablo haisemi sababu.

Kristali hii ni semi-kondukta. Kupandisha elektroni zake kunaomba elektroni-volti 3.3 hivi. Mwanga wa macho hauna nguvu hiyo, unapita. Ndiyo maana kristali safi iko kama kioo. Ultravioleti iko nayo, na kristali inaimeza. Elektroni ikishuka tena inatoa mwanga wa nanometa 380 hivi, ambao jicho haliuoni vizuri.

Lakini mara nyingi inatoa pia mwanga wa kijani, na hapa wenye elimu wanashindana kweli. Mwaka 1969 Dingle aliandika kwamba unatokana na shaba kidogo sana iliyoingia katika kristali. Mwaka 1996 Vanheusden na wenzake wakasema ni nafasi tupu za oksijeni. Wengine wanataja nafasi tupu za zinki. Mpaka leo hawajapatana.

Ile habari ya shaba inatushika sisi watoto wa Katanga. Kipushi, mgodi ulioanza mwaka 1924, ulitoa shaba na zinki pamoja. Ulisimama mwaka 1993, na tangu 2024 zinki inatoka tena. Na bado wakubwa fulani wanatuambia: mwanga wa kristali ni elimu ya Wajapani na Wazungu, ninyi mjifunze kuchimba. Tunakataa! Mwenye kuchimba anaweza vilevile kuuliza.

Hatuombi mashini ya bei kali. Tunaomba Bwana Profesa wa kemia atupe saa moja kwa trimestre, makaa, kijiko, na taa ndogo ya ultravioleti, kama ile wafanyabiashara wanayopimia noti za pesa. Unga uliochomwa pasipo hewa ya kutosha unaweza kung'aa kijani chini ya taa hiyo. Tufunge madirisha, tutazame, halafu kila mmoja aseme kama anasimama na Dingle ao na Vanheusden.